Ukitafuta shule ya msingi, omba kuona daftari

Wazazi mnaosaka shule, kabla ya kuuliza ada na basi, omba kuona daftari la hisabati la darasa la tatu. Usipewe la yule anayeshika namba moja; chomoa mwenyewe kwenye rundo. Kisha tafuta masahihisho. Mtoto kaandika 402 − 138 = 336, mwalimu kaweka X. Huyo hajajua kukopa, kila safu katoa namba ndogo kwenye kubwa. Je, chini yake kuna hesabu iliyorudiwa hadi 264, na vema ya mwalimu? Kama ipo, na si ukurasa mmoja tu, hapo watoto wanafundishwa. Matokeo ya darasa la saba yaliyobandikwa ofisini yanaweza kupambwa kwa mchujo: wanaolegea wanarudishwa darasa au wanahamishwa. Daftari la katikati ya mwaka ni gumu kulipamba.

Januari njia hii haifai, madaftari bado meupe. Pia darasa likiwa na watoto mia, mara nyingi wanasahihishiana wenyewe, hivyo vema hizo zisikudanganye. Kwa la kwanza na la pili, heri umsikilize mtoto akisoma.