Kupiga misumari buti la ngozi (na wapi usilivae)

Kama una buti kuukuu la ngozi na masika hukukuta Marafa, kule Kilifi, Kenya, kwenye udongo ule mwekundu unaoteleza, usilitupe kwanza. Soli yaweza kupigwa misumari ya kichwa kinene, kama njumu za mpira lakini za chuma. Si mambo mapya haya, askari wa Kirumi walivaa viatu vya hivyo miaka 2000 nyuma, na jeshi la Uingereza lilikuwa nayo hadi baada ya vita vya pili vya dunia.

Soli iwe ngozi nene, hizi za sponji sahau, msumari haukai. Toa kisoli cha ndani, vika buti kile chuma cha fundi viatu halafu piga kutoka nje. Msumari uzidi unene wa soli milimita 3 hivi, manake ncha ikigonga chuma yajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na hapo ndo panaposhika, mfupi utang'oka na mrefu utakuchoma. Fundi akikwambia ataweka gundi tu, mwambie asante na uende kwengine. Jaza zaidi kwenye kingo, chini ya vidole na kisiginoni, pale kati acha maana hapagusi chini, na usiibananishe sana misumari matope yakaganda. Kabla hujarudisha kisoli pitisha mkono ndani.

Sasa pa kutovaa: vigae vya hoteli, saruji iliyosuguliwa, mawe laini. Chuma hapo hakina cha kuuma. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa zama hizo, asimulia akida mmoja wa Kirumi, Julianus, Yerusalemu mwaka 70, kawafukuza maadui peke yake ndani ya ua wa hekalu uliosakafiwa mawe, misumari ikateleza, akaanguka chali, wakamzunguka wakamuua. Jamaa shujaa, kaponzwa na kiatu!

Wapanda milima wa Alps nao waliitumia ila chuma kilipitisha baridi hadi nyayoni. Vitale Bramani wa Italia, wenzake 6 walipofia mlimani 1935, akatoa soli ya raba yenye meno 1937. Kama we ni wa mjini na shamba mara moja moja, nunua hiyo tu, mambo yaishe.

Ukikanyaga maji ya bahari suuza kwa maji baridi ya mfereji, anika kivulini, paka mafuta, kutu hula shingo ya msumari kichwa kikiwa bado kizima. Ukiona msumari mmoja wacheza utoe, ziba tundu kwa kijiti, upige mwingine pembeni kidogo.