Jinsi ya Kufundisha Tiba ya Utengamao Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Kabla hujawakusanya wanafunzi wako kando ya kitanda, mtafute kwanza muuguzaji wa mgonjwa, yaani ndugu anayemhudumia. Katika hospitali za Uganda zinazofundisha madaktari, iwe Mulago kwa wanafunzi wa Makerere au hospitali ya rufaa ya Mbarara kwa wale wa chuo kikuu kilichoanzishwa huko mwaka 1989, yeye ndiye anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, anayepika, anayefua na anayemgeuza mgonjwa usiku, wakati muuguzi wa zamu ana wodi nzima mikononi mwake. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, daktari hubaki, mtaalamu wa fiziotherapia hubaki, vifaa hubaki, na anayeondoka naye ni huyo tu. Kwa hiyo daktari anayetoa na kufundisha tiba ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea, ana wanafunzi wa aina mbili katika kila raundi: wale wenye makoti meupe na yule mwenye leso. Mwongozo huu ni kwa daktari anayeanza kazi hiyo, na msimamo wangu ni kwamba ukimfundisha mwenye leso vizuri, wenye makoti watajifunza hapo hapo.

Wanafunzi wengi huja wakidhani kwamba utengamao ni mazoezi, na kwamba kazi ya daktari ni kuandika kwenye faili kuwa mgonjwa apelekwe fiziotherapia, kisha kusogea kitanda kinachofuata. Waondolee dhana hiyo siku ya kwanza. Daktari wa utengamao hudhibiti presha iliyoleta kiharusi ili kisirudi, hutafuta chanzo cha maumivu, hupunguza ukakamavu wa misuli kabla kiungo hakijajikunja moja kwa moja, hulinda figo za aliyeumia uti wa mgongo, na hukadiria mapema ni uwezo gani utarudi na upi utahitaji njia nyingine. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2001 utaratibu wa kumtazama mgonjwa katika mwili wake, shughuli zake, nafasi yake katika jamii na mazingira anamoishi. Maneno hayo huwa makavu darasani, lakini hueleweka mara moja mbele ya kijana wa boda boda aliyevunjika paja: picha inaonyesha kwamba mfupa umeunga, ila goti halikunjiki, hawezi kupanda pikipiki, na watoto hawajalipiwa karo. Kwa aliyemfanyia upasuaji kazi imekwisha. Kwako ndiyo kwanza inaanza.

Usijaribu kufundisha haya katika raundi kuu ya asubuhi, wakati msafara wa madaktari unapita kwa haraka na mgonjwa anaona aibu hata kukohoa. Tenga alasiri mbili kwa wiki, chukua wanafunzi wanne au watano, na ukae na mgonjwa mmoja au wawili kwa muda wa kutosha. Omba ruhusa yake kwa maneno, si kwa kuvuta shuka, na umweleze kwamba akikataa matibabu yake hayatapungua. Angalia pia lugha, kwa sababu katika wodi moja utamkuta mgonjwa anayesema Kilugbara, muuguzaji anayejua Kiganda na mwanafunzi aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza. Mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Anayetafsiri na atafsiri yote, kwa kuwa maelezo marefu ya mgonjwa yakirudi kwako kama neno moja, ujue umenyimwa historia.

Mwanafunzi atakueleza kwamba mgonjwa ana miaka sitini, amepata kiharusi, upande wa kushoto umepooza, na presha yake ni kadha wa kadha. Msikilize hadi mwisho bila kumkatiza, kisha muulize swali moja: choo cha nyumbani kwake kiko wapi? Mara nyingi hatajua. Mtume akae na muuguzaji wachore pamoja ramani ya boma: mlango una vizingiti vingapi, kitanda kina kimo gani, kutoka nyumbani hadi chooni ni hatua ngapi, njia ni ya mteremko au ya tambarare, na mvua ikinyesha inakuwaje. Karatasi hiyo iingie kwenye faili karibu na vipimo vya damu, kwa sababu malengo yote ya matibabu yatatokana nayo.

Baada ya ramani, fundisha kupima uwezo wa mgonjwa kujihudumia. Kipimo rahisi kuliko vyote ni kile cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, chenye mambo kumi: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, kudhibiti haja kubwa, kudhibiti mkojo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Jumla yake ni 100, na alama hutolewa kwa tano tano. Sisitiza kwamba kinachopimwa ni kile ambacho mgonjwa anakifanya kweli, si kile ambacho mwanafunzi anadhani angeweza kukifanya. Ninakipenda kipimo hiki, lakini kina shimo ambalo lazima ulionyeshe: mgonjwa anaweza kupata alama zote 10 za choo kwa sababu choo cha wodi ni cha kukalia, halafu akifika kwao akute choo cha shimo kinachomtaka achuchumae na kuinuka kwa mguu mmoja wenye nguvu. Waambie wanafunzi waandike pembeni mwa alama aina ya choo kilichotumika. Neno hilo moja limewahi kubadilisha mpango wa matibabu kuliko namba yenyewe.

Sasa njoo kwenye mwili wenyewe, kwa maana utengamao haufundishwi kwa mdomo. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe aliyepooza mkono na mguu wa kushoto. Bega lilikuwa likimuuma mzee hata usingizi hapati, na wanafunzi walikwisha kutaja magonjwa matano. Nilimwomba mama atuonyeshe anavyomketisha asubuhi. Alisimama upande uliopooza, akakamata kifundo cha mkono ulio dhaifu kwa mikono miwili, akamvuta mzee kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nilipomuuliza kwa upole aliniambia, "Musawo (daktari), nilidhani mkono ukivutwa utaamka." Alikuwa amefanya hivyo kwa majuma mawili mbele ya macho yetu sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwonyesha njia nyingine. Kosa lilikuwa letu. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mkono ukivutwa kiungo huteguka kidogo kidogo hadi maumivu yanapokita hapo.

Njia sahihi ifundishe kwa kuitenda polepole. Kiti kiwekwe upande wenye nguvu, karibu kabisa na kitanda, na kama ni cha magurudumu breki zifungwe. Mgonjwa asogee hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Funga leso au kitenge kilichokunjwa kiunoni mwake kiwe mkanda wa kushikia. Muuguzaji asimame mbele, akinge goti dhaifu kwa magoti yake mwenyewe lisije likakunjika, ashike mkanda, na asishike mkono wala kwapa. Mwambie mgonjwa ainame mbele mpaka pua yake ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio huinuka karibu yenyewe, na anayesaidia hupata wepesi ambao hakuutarajia. Mkono wenye nguvu ushike kiti, mwili ugeuke, kisha akae taratibu. Kila mwanafunzi na afanye mara tatu, mara moja akiwa yeye ndiye mgonjwa. Aliyewahi kuinuliwa vibaya na mwenzake hasahau.

Jambo la kumeza lisisubiri. Uji ni upendo, na ndugu humnywesha mgonjwa uji akiwa amelala chali, nao huishia mapafuni. Kabla ya kijiko cha kwanza, mgonjwa akae wima akiwa macho kabisa, apewe maji kidogo sana, na mwanafunzi asikilize kama anakohoa au sauti yake inakuwa ya majimaji. Dalili hizo zikijitokeza, asilishwe kwa mdomo hadi atathminiwe zaidi.

Kwa mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo, pengine kwa ajali ya barabarani, kwa kuanguka kutoka mtini, au kwa kifua kikuu kilichokula pingili za mgongo, mambo matatu ndiyo yanayoamua kama ataishi. La kwanza ni ngozi: ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila asubuhi muuguzaji akague visigino, nyonga na kifupa cha mkia kwa macho na kwa kiganja. Wafundishe wanafunzi kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo watafute sehemu iliyo na joto, iliyo ngumu au iliyobadilika rangi ikilinganishwa na ile ya jirani. La pili ni kibofu: mpira wa mkojo unaoachwa miezi mingi huleta maambukizi na mawe, na kwa wengi ni bora kujitoa mkojo kwa mpira safi mara kadhaa kwa siku kwa saa zilizopangwa, kazi ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kujifunza ikiwa mikono yake ni mizima. La tatu husahauliwa hata na madaktari wa muda mrefu. Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kikamgonga na jasho likamtoka usoni, kwa sababu tu kibofu kimejaa au haja kubwa imekwama. Aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, mpira ukaguliwe kama umejikunja au umeziba, na presha ipimwe tena na tena hadi ishuke. Muuguzaji aijue dalili hii kwa moyo, kwani itamkuta usiku kijijini.

Mara moja kwa wiki keti na timu nzima: muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya kazi, fundi wa viungo bandia, ofisa wa ustawi wa jamii, na wanafunzi wakisikiliza. Kwa kila mgonjwa mkubaliane juu ya lengo moja lenye tarehe, lililosemwa na mgonjwa mwenyewe. "Kuimarisha misuli" si lengo. "Kufika msikitini kwa gongo kabla ya Ramadhani" ni lengo, na kila mmoja mezani ataona mchango wake ni upi.

Vifaa vitawapa wanafunzi wako kisingizio cha kukata tamaa, na hapo ndipo historia yetu inawajibu. Katika miaka ya 1960 Ronald Huckstep, daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefundisha Makerere, aliwasimamisha watoto wengi wa Uganda waliopooza kwa polio kwa kutumia vyuma vya miguu na viatu vya mbao vilivyotengenezwa papa hapa kwa gharama ndogo. Fuata nyayo hizo. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati cha kuwekwa juu ya choo cha shimo, na reli ya mianzi kutoka mlangoni hadi chooni. Mpe mwanafunzi kazi ya kuchora kiti hicho kwa vipimo vya mgonjwa wake, urefu wa mguu kuanzia kisigino hadi nyuma ya goti, upana wa nyonga, na akuletee mchoro ambao seremala ataufuata bila kuuliza. Mtihani wa namna hiyo nauamini kuliko maswali ya kuchagua jibu.

Kuhusu kusema ukweli, usimwachie mwanafunzi peke yake. Ndugu watauliza kama mgonjwa atatembea, na jibu lisitolewe kwenye mlango wa wodi huku umeshika mpini. Kaeni, semeni kile kilichokwisha kurudi, kile mnachokitarajia katika miezi ijayo, na kile mnachopanga kukifanya hata kama miguu haitarudi. Familia ikisema inampeleka kwa mganga au kwenye maombi, msiwakemee. Ombeni tu dawa za presha zisiachwe na ngozi isichanjwe wala kuchomwa mahali ambapo mgonjwa hana hisia.

Siku mbili kabla ya ruhusa, geuza darasa. Muuguzaji asimame mbele, wanafunzi wakae kimya, naye aonyeshe bila kusaidiwa namna ya kumhamisha, kumgeuza, kukagua ngozi na kupanga dawa kwa saa. Anapokwama, usimrukie, mwachie mwanafunzi aliyemfundisha atambue ni wapi maelezo yake yalipungua, na arudie. Mkimaliza, mwanafunzi aandike kwenye kijitabu cha mgonjwa, kwa lugha inayosomeka nyumbani, namba ya simu ya kliniki, tarehe ya kurudi, na mambo matatu ambayo yakitokea wasisubiri tarehe hiyo.