Kutoka Dunga hadi Kibuye: ujumbe unavyofika kwa seva, na unavyopotelea njiani

Shangazi yangu hununua samaki, mbuta na ngege, ufukweni Dunga hapa Kisumu asubuhi, akauze soko la Kibuye. Nilimwandikia programu ndogo: akishapima, simu inatuma "mbuta 12" kwa seva, yaani kompyuta inayopokea ujumbe, nayo seva inaandika kwenye daftari la duka. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Ilinila miezi miwili, na karibu yote iliishia kwenye mambo mawili.

Kwanza washa kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja. Kwenye ile itakayokuwa seva fungua dirisha la amri, uandike nc -l 5000 (ikilalamika, nc -l -p 5000); nc ni programu ndogo ya kuunganisha kompyuta mbili. Sasa imekaa kwenye mlango namba 5000 ikingoja mgeni. Kwenye ya pili, ambayo ni mteja, andika nc 192.168.1.5 5000, ila weka anwani ya seva yako. Kabla neno lolote halijapita, TCP, yaani kanuni ambayo kompyuta hizo hutumia kupelekeana data, hubisha: mteja anatuma SYN, seva inajibu SYN-ACK, mteja anamalizia kwa ACK. Hodi, karibu, nimeingia. Ukikataliwa papo hapo usihuzunike. Mara nyingi mashine umeifikia, ila hakuna programu inayosikiliza mlango huo. Kimya kirefu ndicho cha kutia wasiwasi. Hapo kagua anwani, au kinga ya mtandao inayozuia. Tena, anwani za 192.168 hazifikiki kutoka nje ya mtandao wako. Nyumbani Nyalenda kila kitu kilienda sawa. Shangazi alipofika Dunga na bando lake, kimya. Ikabidi nikodi seva yenye anwani ya hadharani.

Haya, jambo la kwanza. TCP haijui ujumbe ni nini. Inajua baiti tu, yaani vipande vidogo vya data, zinazotiririka kama maji ya bomba, kwa mpangilio uleule zilivyotumwa, bila alama ya ulipoishia. Ukituma "mbuta 12" kisha "ngege 30", seva inaweza kusoma "mbuta 12ngege 30" kwa mkupuo. Au isome "mbuta 1", halafu "2". Hii ya pili ndiyo iliyoniumbua: kilo 12 zikawa kilo 1.

Dawa nyepesi ni kumalizia kila ujumbe kwa alama ya mstari mpya. Seva iwe na kapu. Kila inachosoma ikitie humo, na isiguse kitu mpaka ione alama hiyo. Kilichobaki baada ya alama kingoje wenzake. Kama ujumbe wenyewe unaweza kuwa na mistari kadhaa, tanguliza urefu wake kwa baiti 4. Lakini hesabu baiti, si herufi! Siku moja shangazi aliandika ng’onda, kibodi ya simu ikaweka ritifaa iliyopinda. Kwa macho ni alama 7. Kwa UTF-8, utaratibu wa kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti 9. Mimi nilikuwa nimetanguliza urefu wa 7, basi baiti 2 zikabaki kapuni na kuvuruga kila ujumbe uliofuata.

Jambo la pili ni jibu lisilofika. Simu imetuma, mtandao umekatika. Je, ujumbe ulipotea, au ulifika na ni jibu ndilo lililopotea? Ukiwa upande wa simu huwezi kujua. Programu yangu ilikuwa ikituma tena tu, na jioni moja shangazi akanipigia: "Wewe mtoto, kompyuta yako imeniletea samaki ambao sikununua."

Kwa hiyo kila ujumbe upe namba yake. Simu iitunge mara moja, iihifadhi kabla ya kutuma, na iirudie ileile kila inapojaribu tena: baada ya sekunde 5, kisha 10, kisha 20. Seva ikiiona namba iliyokwisha kuipokea, ijibu "sawa" bila kuandika upya. Namba na rekodi ziandikwe pamoja, zote au hata moja isiandikwe. Ukizitenganisha, umeme ukipotea katikati umerudi palepale.

Ujaribu hivi: iambie seva ilale sekunde 30 baada ya kuandika, kabla ya kujibu. Tuma "mbuta 12", zima data, hesabu hadi kumi, washa tena. Simu itatuma mara ya pili. Fungua daftari uhesabu mistari.