Baraza ya mbao inateleza? Zibua mianya kwanza

Kabla ya kununua rangi ya kuzuia utelezi, chukua bisibisi bapa kuukuu, uipitishe kwenye kila mwanya kati ya ubao na ubao. Utatoa majani yaliyooza na tope jeusi lililoshindiliwa humo. Kisha sugua mbao kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, ukifuata mkondo wa nyuzi, na usuuze. Kinachomwangusha mtu mara nyingi si ubao wenyewe bali ule utando wa kijani wa mwani, nao huota pale unyevu unapotuama. Mwanya ukiziba, maji hayana pa kushukia. Ubao unashinda umelowa hata siku mvua imekatika. Fanya kazi hii siku kavu, kabla ya baridi na mvua kuanza, na urudie majani yakishapukutika.

Mashine ya maji ya kasi inatamanisha, najua, ila ikisogezwa karibu mno huchana nyuzi laini, ubao unaota manyoya yanayonasa uchafu, na utando unarudi upesi.

Kuzibua na kusugua hakusaidii kitu kukiwa na barafu: hapo mwaga mchanga mkavu, si chumvi, maana chumvi hula misumari. Na chini ya mti wenye kivuli kizito utasugua mpaka uchoke; punguza matawi, ngazi uzibandike vipande vyenye msasa. Bisibisi ikizama kwenye ubao kirahisi, huo umeoza, ubadilishe.