Kufundisha Sarufi ya Kiingereza kwa Kuanzia Kiswahili: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nauandika baada ya kumfundisha shemeji yangu Kiingereza cha msingi. Alikuja akiwa anaweza kutaja nyakati zote 12 kwa mpangilio, bila kukwama. Nikamwomba aniulize kwa Kiingereza ninafanya kazi wapi. Akafikiri kidogo, akasema: "You work where?" Jedwali lote lile la nyakati halikuwa limempa njia ya kuuliza swali moja la kawaida.

Wanaojifunza wengi wako hivyo. Kwa hiyo mimi jedwali la nyakati siligusi mwanzoni. Naanza na sarufi ambayo mwanafunzi tayari anayo, yaani ya Kiswahili, namwonyesha kila kiambishi kinakwenda wapi akivuka upande wa pili. Nachukulia kwamba ana maneno mia mbili tatu ya Kiingereza na anajua kusoma.

Vifaa ni daftari, kalamu, karatasi za kukata vipande, na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Programu za kutafsiri kwenye simu ziweke kando hadi amalize hatua ya 4. Zinampa sentensi iliyokwisha kupikwa, na hapa tunataka aijenge mwenyewe.

Hatua ya 1: Vunjeni neno la Kiswahili

Chukua "ninasoma". Mwulize vipande vyake: ni-, -na-, -soma. Nafsi, wakati, tendo. Kisha andika chini yake "I am reading", maneno matatu. Kiswahili kinavifunga pamoja, Kiingereza kinavitenganisha. Fanyeni hivyo kwa sentensi kama ishirini hivi.

Makosa mawili hutibika hapa hapa. La kwanza ni "My father he is coming". Linatoka kwenye "Baba anakuja", ambapo a- inabaki hata kama baba ametajwa. Katika Kiingereza kiima kinatajwa mara moja: ama "my father", ama "he". La pili ni kinyume chake: "Is good", kutoka "Ni vizuri". Kiingereza hakikubali sentensi ya taarifa isiyo na kiima, ndiyo maana wanasema "It is good", na hata mvua wanaitafutia kiima: "It is raining".

Hatua ya 2: am, is, are

"Ni" yetu haibadiliki kwa nafsi wala kwa wingi, yao inabadilika. Hilo linakaririwa, halina maelezo marefu. Linalohitaji uangalifu ni kwamba "is" inafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa. "Yeye ni mwalimu" ni "She is a teacher". "Yuko ndani" ni "She is inside". "Ana njaa" ni "She is hungry", na "Ana miaka 20" ni "She is 20 years old". Lakini "Ana gari" ni "She has a car". Kwa hiyo "ana" isitafsiriwe moja kwa moja kuwa "has". Umri, njaa, kiu, usingizi na hofu vyote vinakwenda na "is".

Kabla hamjaondoka hapa, hakikisha anaweza kugeuza taarifa kuwa swali kwa kuhamisha neno moja: "She is inside", "Is she inside?" Mrudieni hadi iwe rahisi kabisa mdomoni, maana hatua ya 4 imejengwa juu ya mwendo huu.

Hatua ya 3: -na-, hu- na -s

Watu wengi wanaambiwa -na- ni "am/is/are" pamoja na -ing, basi. Halafu unasikia "I am knowing him". Ukweli ni kwamba -na- ya Kiswahili inabeba mambo mawili: linalotendeka sasa hivi na lililo la kawaida. Tuna kipimo kizuri cha kuyatenganisha: hu-. Mwambie mwanafunzi ajaribu kuweka hu-. Kama "anafundisha" inaweza kuwa "hufundisha" bila maana kupotea, basi ni "She teaches". Kama inakubali "sasa hivi", basi ni "She is teaching".

Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kuamini na kuhitaji haviendi na -ing katika matumizi ya kawaida. "Najua" ni "I know".

Na jambo ambalo vitabu vingi vinaliruka: -me- ya hali. "Amelala", "amesimama", "amevaa koti" havisemi tendo lililokwisha tu. Vinasema hali aliyo nayo mtu sasa. Kiingereza kinavitaja kwa wakati uliopo: "He is sleeping", "He is standing", "He is wearing a coat". "Nimechoka" ni "I am tired".

Kuhusu -s ya nafsi ya tatu umoja: "The boy plays", "The boys play". Mwanafunzi ataisahau, na mara nyingi si kwamba hajui kanuni. Maneno ya Kiswahili asilia huishia na irabu, kwa hiyo ulimi unaimeza konsonanti ya mwisho. Zoezi linalosaidia ni imla. Soma "he works" na "they work" kwa kuchanganya, yeye aandike anachosikia. Akianza kuisikia, ataanza kuitamka.

Hatua ya 4: do, does, did

Hapa msiharakishe. Kama mna muda mdogo, fupisheni hatua nyingine zote, hii muipe nafasi yake.

Sisi tukitaka kuuliza tunapandisha sauti tu, au tunatanguliza "je". "Anafanya kazi." "Anafanya kazi?" Mpangilio ni ule ule. Kiingereza kinataka kitenzi kisaidizi kitangulie kiima. Sentensi yenye kisaidizi tayari haina shida, kinahama hicho hicho: "She can swim", "Can she swim?" Tatizo ni "She works here". Hakuna kisaidizi cha kuhamisha. Ndipo wanapoleta "do". Hii "do" haina maana ya kufanya. Imeletwa ishike nafasi na ibebe alama ya wakati na nafsi, basi.

Maelezo hayo mwanafunzi atayaitikia kwa kichwa, kisha atasema "Does she works here?" Kwa hiyo toa karatasi. Kata vipande vinne, kila kimoja na kitu chake: SHE, WORK, S, HERE. Ndiyo, S iwe na karatasi yake peke yake. Vipange mezani. Andika DO kwenye kipande cha tano, kiweke mwanzo. Sasa mwambie aiondoe S kwa mkono wake pale ilipo karibu na WORK, aipeleke karibu na DO. Tahajia inakuwa DOES, na WORK inabaki peke yake. S ilikuwa moja, imehama, haiwezi kuwa pande zote mbili. Mtu akishaiona nafasi tupu baada ya WORK, kosa lile hupungua sana.

Kwa wakati uliopita fanyeni vivyo hivyo na ED: ikihamia kwenye DO, inakuwa DID. Kwa vitenzi visivyofuata kanuni, andika GO upande mmoja wa karatasi na WENT upande wa pili. DID ikiingia mezani, mwanafunzi anaigeuza karatasi: "She went home", "Did she go home?" Kiswahili chenyewe kinatuunga mkono hapa. "Alienda" ukiikanusha inakuwa "hakwenda". Hatusemi wakati uliopita mara mbili ndani ya kitenzi kimoja. Nao hawasemi.

Ukanushi unatumia karatasi hizo hizo, ila DO na NOT zinakaa kati ya kiima na kitenzi: "She does not work here".

Sasa masharti yake, na yote yatajitokeza.

"Be" haichanganyiki na "do". "Do you are ready?" si sahihi, ni "Are you ready?" Kinachoruhusiwa ni amri: "Don't be late".

"Have" ya kumiliki ichukulieni kama kitenzi cha kawaida: "Do you have a pen?" Atakutana na "Have you a pen?" katika maandishi ya zamani ya Uingereza. Aielewe, asiifuate.

"Do" inaweza kutokea mara mbili katika sentensi moja, na hilo huwachanganya watu wazima wanaopenda mantiki. "What do you do?" Ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ndiyo kufanya.

Maneno ya kuuliza: sisi tunayaacha kwenye nafasi ya jibu, "Unaishi wapi?" Wao wanayaleta mbele, na nyuma yake mwendo ni ule ule: "Where do you live?" Lakini neno la kuuliza likiwa lenyewe ndilo kiima, "do" haiingii. Mpime kwa Kiswahili. "Nani alivunja dirisha?" Huyo nani ndiye mtenda, kwa hiyo "Who broke the window?" "Ulimwona nani?" Huyo nani ni mtendwa, kwa hiyo "Who did you see?"

Swali likiwa ndani ya taarifa, "do" hutoka na mpangilio unarudi wa kawaida. "Sijui anaishi wapi" ni "I don't know where he lives". Mwanafunzi aliyejifunza hatua hii vizuri ndiye atakayekosea hapa, kwa bidii yake: "I don't know where does he live". Usimfundishe jambo hili siku hiyo hiyo; msubiri aimarike kwanza.

Jibu la swali la ukanushi ni mtego mkubwa, na nje ya darasa unaweza kuleta kutoelewana kwa kweli. Mtu akituuliza "Hupendi?", tunajibu "Ndiyo, sipendi", tukimaanisha kwamba kauli yako ni kweli. Kwa Kiingereza "Don't you like it?" hujibiwa "No, I don't", maana "yes" na "no" zinafuata kitenzi cha jibu, hazifuati ukweli wa swali. Wafanyie mazoezi ya kinywa tu: "Haven't you eaten?" "No, I haven't." "Yes, I have." Isiwepo kamwe "Yes, I haven't".

Na kama mwanafunzi anasoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, au Shakespeare aliyefariki mwaka 1616, atakuuliza mbona kuna "I know not". Mwambie ukweli: enzi hizo njia zote mbili zilikuwepo, yenye "do" na isiyo nayo, kisha ya "do" ikashika. Si makosa ya chapa.

Zoezi la hatua hii liwe moja tu: mwanafunzi ndiye aulize. Katika madarasa mengi mwalimu anauliza na mwanafunzi anajibu, hivyo mtu anaweza kusoma miaka bila kuunda swali lake mwenyewe. Nyamaza. Mpe jina la kitu au mtu, akuulize maswali kumi kukihusu.

Hatua ya 5: Wakati uliopita, na "have"

Vitenzi visivyofuata kanuni vikaririwe kwa wingi wa matumizi, si kwa alfabeti. Anza na went, came, saw, said, took, gave, got, made. Kwa -ed, zingatia matamshi: "walked" ni silabi moja, si mbili ("wok-ed"); silabi huongezeka tu kitenzi kikiishia na sauti ya t au d, kama "wanted".

-me- ya tendo, isiyo ya hali, ndiyo "have": "Nimekula" ni "I have eaten". Ukitaja lini, "have" hutoka: "I ate yesterday". Na "have" hii ni kisaidizi, kwa hiyo katika swali inahama yenyewe bila "do".

Hatua ya 6: a, an, the

Tunaambiwa Kiswahili hakina kitu hiki. Kina dalili zake. "Nimenunua kitabu" ni kitabu chochote, "a book". "Nimekinunua kitabu" ni kile tunachokijua wote wawili, "the book". Hiyo -ki- inafanya sehemu kubwa ya kazi ya "the". Kwa watu msitegemee kipimo hiki, maana "nimemwona mwalimu" hubeba -mw- awe anajulikana au la; hapo tumieni "yule". Ikikaa vizuri, ni "the".

"A" na "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", "a university". Na kuna nomino ambazo kwao hazihesabiki: advice, information, furniture, news. Hazipokei "a".

Kusahihisha

Anapozungumza, sahihisha jambo la hatua mliyopo tu. Mengine yaandike pembeni, mwonyeshe akimaliza. Anapoandika, usiandike jibu. Piga mstari chini ya kosa na uandike namba ya hatua, 3 au 4, akatafute mwenyewe. Namba ikijirudia ukurasa mzima, rudini kwenye mazoezi ya hatua hiyo kabla ya kuendelea na nyingine.