Kabla hujasema "nilimwambia" kwa Kibisaya

Ndugu unayekuja kusoma Cebu, huku Ufilipino, ya uhamiaji nitayamaliza hapahapa: viza ya mwanafunzi utasaidiwa na chuo, kadi ya mgeni usiiache chumbani, na kila mwaka ukaripoti uhamiaji ndani ya siku 60 za kwanza za mwaka. Chumba hakina mambo ya kodi ya miezi sita kama kwetu. Kawaida ni mwezi mmoja wa mbele na amana ya miezi miwili. Amana hiyo ndiyo iliyonitoka, na ilinitoka kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe ni la Kibisaya, lugha ya watu wa Cebu: *ingon*, kusema. Utalisikia kutwa nzima, sokoni, kwenye jipni, daladala za huku, hata kanisani. Likipewa mkia wa *-an* linakuwa *ingnan*, kuambia, na jambo likishatendeka, *giingnan*. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Nilimwambia bantay, yule mzee anayeangalia jengo, kwamba ningehama baada ya mwezi mmoja. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi akaniuliza mbona sijatoa taarifa. Nikamjibu bila wasiwasi: *Giingnan ko niya.* Nilikusudia "nilimwambia". Nilichokisema ni "aliniambia". Mama wa watu akaelewa kwamba bantay ndiye aliyeniambia nihame. Akamwita. Mzee akaja na ufagio wake mkononi, akasema "Wala, Ma'am", akarudia tena "Wala", huku akinitazama mimi. Nikaonekana mzushi, taarifa yangu ikahesabiwa haikutolewa, na amana ikaishia hapo.

Kosa lilianzia kwenye simu. Kabla ya safari nilijifunzia humo Kitagalogi, lugha ya upande wa Manila, nikidhani ndicho kinachosemwa nchi nzima. Kwa Kitagalogi *sinabihan ko siya* ni "nilimwambia". *Ko* ndiye msemaji. Kwa Kibisaya *ko* katika sentensi ile ndiye aliyeambiwa. Msemaji ni *nako*. Basi shika hivi: *giingnan ko niya*, niliambiwa naye; *giingnan nako siya*, aliambiwa nami. Kiswahili chetu kina njia hiyo tayari. Kila unaposikia *giingnan*, tafsiri kwa "ambiwa", usitafsiri kwa "ambia", na hutapotea. Narudia kwa sababu najua utasahau: kama wewe ndiye uliyesema, tafuta *nako* mdomoni mwako kabla hujafungua kinywa.

Kuna mtego mwingine unaomnasa Mswahili peke yake. Mitaani wanasema *niingon siya*. Sikio letu likisikia *ni-* linakimbilia "mimi". Sivyo. Hiyo *ni-* inaonyesha tu kwamba jambo limeshatendeka. *Niingon siya* ni "alisema". Mtendaji yuko nyuma ya kitenzi, msubiri. Kuamrisha ni rahisi zaidi: *ingna ko*, niambie, *ingna siya*, mwambie. Na *sulti*, kuongea, utaizoea mwenyewe.

Shangazi yangu aliniaga akisema nisihangaike na lugha, Wafilipino wote wanajua Kiingereza. Alisema kwa upendo, na darasani na benki ni kweli. Lakini shangazi, mwanao haishi benki. Anaishi na bantay, na mama wa genge, na dereva wa jipni, na hao nyumbani kwao ni Kibisaya. Tafadhali msiwatume watoto na maneno hayo tena.

Hata Kitagalogi ukikijua, usitembee nacho kifua mbele. Lugha ya taifa ilijengwa juu ya Kitagalogi tangu 1937, na wengi wa Cebu jambo hilo bado linawakera. Watakujibu kwa adabu, ila ukijaribu Kibisaya hata kibovu uso wa mtu unafunguka. Mimi naona wana haki. Lugha yao inasemwa na mamilioni, kuanzia hapa mpaka sehemu kubwa ya Mindanao, kisiwa cha kusini.

Kinachonisumbua ni ukimya wao. Wana neno *ulaw*, aibu, na linawatawala kuliko nilivyotarajia. Mwenye nyumba hakunigombeza. Angepaza sauti kama mama wa Kiswahili, tungebishana, na kosa lingejulikana palepale mlangoni. Alinyamaza, akaondoka, na mimi nikabaki nikidhani tumeelewana. Wiki mbili baadaye mwenzangu wa darasani ndiye aliyenieleza nilichokuwa nimekisema. Upole huo ni mzuri, lakini mgeni unamgharimu.

Kwa hiyo jambo lolote la fedha au tarehe, sema, kisha andika. Karatasi moja ya Kiingereza yenye tarehe, asaini, piga picha. Halafu muulize: *Unsa akong giingon?* Nimesema nini? Akirudia kwa maneno yake utajua. Usitosheke na *oo*, ndiyo. *Oo* ya hapa mara nyingi ni "nimekusikia" tu.

Amana haikurudi. Siku ya kuhama nilimfuata yule mzee getini, maana tangu siku ile alikuwa ameacha kunisalimia. Nikamwambia: *Giingnan tika, 'Nong, pero sayop akong pagsulti.* Nilikuambia, mzee wangu, ila nilisema vibaya. Akaegemeza ufagio ukutani. "*Bitaw*," akasema, kweli, kisha akachukua begi langu moja akanisindikiza nalo mpaka barabarani.