Rupia ya Mjerumani: jinsi ya kuipima nyumbani kabla hujatoa pesa

Mimi ni sonara hapa Tabora mjini, na kila mara watu huniletea "rupia ya Mjerumani", sarafu ya madini ya fedha ya enzi za ukoloni wa Wajerumani, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Nyingi ni feki. Kinachoniuma ni kwamba mwenye nayo mara nyingi ameshauza mbuzi au magunia ya karanga ili aipate. Vipimo ninavyofanya mezani kwangu hata wewe unaviweza.

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku, vernia, kifaa cha kupimia upana (au rula), uzi mwembamba, kikombe cha maji na lenzi ya fundi saa. Usiisugue sarafu kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Ukiisugua umefuta ushahidi, na kama ni ya kweli umeshusha thamani yake.

Hatua ya 1: Isome

Rupia ya fedha ilitolewa kati ya 1890 na 1914. Ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, kofia yake ina tai, na jina limeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Hadi 1902 upande wa pili una ngao yenye simba na mti. Kuanzia 1904 kuna thamani ndani ya shada la matawi, pamoja na herufi ya kiwanda, A au J. Ukiona rupia ya fedha yenye mwaka 1916 au herufi T, irudishe kwa mwenyewe, haikuwahi kutengenezwa.

Hatua ya 2: Sumaku

Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, endelea. Na anayekwambia rupia halisi huvuta mchele anakutapeli, fedha haivuti punje.

Hatua ya 3: Uzito na upana

Ikiwa mpya ina gramu 11.66 na kipenyo cha milimita 30.5. Iliyochakaa hupungua kidogo, nikiona 11.4 sishtuki. Nikiona 9, namwambia mteja ukweli hata kama utamuumiza.

Hatua ya 4: Maji

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote, lakini isiguse chini wala ubavuni. Itikise kidogo ili mapovu yatoke. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoiona. Rupia halisi itasoma takriban 1.13, na jibu litakuwa kama 10.3, kwa sababu karibu asilimia 92 yake ni fedha. Shaba njano iliyopakwa rangi hutoa 8 na kitu. Kijana mmoja alinijia na rupia nzuri kwa macho, hata uzito wake ulikaribia. Maji yalisoma 1.36. Hakuamini, akanifanya nirudie mara tatu.

Hatua ya 5: Ukingo

Zungusha ukingo chini ya lenzi. Sarafu halisi iligongwa kwa muhuri, herufi zake zimesimama wima. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo kama vya chapati, herufi butu, na mara nyingine mstari unaozunguka ukingo mzima pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Sarafu zetu za T

Hapa tahadhari, maana hatua ya 3 haikusaidii sana. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezibiwa njia ya bahari, waligonga sarafu kwenye karakana ya reli hapa Tabora: hela (heller, sarafu ndogo kuliko rupia) 5 na hela 20, zenye taji, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni) na T ya Tabora. Madini yalikuwa ya kuokoteza, kazi ya haraka. Hela 20 zipo za shaba njano na za shaba nyekundu, unene haulingani, na muhuri umekaa ovyo. Usizitupe kwa sababu ni mbaya; tazama kama zimegongwa au zimemiminwa.

Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, ni gramu 7.17 na milimita 22. Zilitoka elfu 16 na kidogo tu, kwa hiyo wanaoghushi wanaipenda sana. Izamishe: dhahabu yake ya asilimia 75 husoma karibu 0.48. Ya shaba yenye uzito huohuo itavuka 0.8.